Gobore la Babu Yake Harjit

Kutu ina ladha, msidhani nawatania. Kila ninapokunywa maji kwenye bomba la bustani, ladha ile ya chuma hunirudisha kwenye gereji yetu ya ughaibuni, Mount Druitt, nikiwa na miaka minane.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Wetherill Park. Rafiki yake wa kazini, Mhindi mpole aliyeitwa Harjit, alimletea bunduki ya babu yake mkuu: gobore refu kunizidi, la kuwashwa kwa utambi wa pamba, kitako kimenakshiwa maua ya shaba. Alitaka lilie mara moja tu mbele ya baba yake, kabla mzee hajafumba macho. Baba alikubali Harjit akiwa hajamaliza kusema. Sifa alizipenda, Mungu amrehemu.

Gereji ikanuka mafuta ya taa. Baba alisugua chuma huku akipiga mluzi, nami nikapewa kazi niliyoiringia sana, ya kupuliza. Nilibandika midomo kwenye ncha ya mtutu nikapuliza mpaka masikio yakaziba, naye huko nyuma akaweka kidole kwenye kitundu cha kuwashia, asikilizie hewa. Hewa haikupita hata mara moja.

"Ni kutu imeganda," alisema. "Jumamosi nitaipasha moto, itaachia."

Jumamosi akawasha gesi. Moto wa bluu ukavuma, akaniambia nipulize mara ya mwisho. Nilikuwa nimeinama hivyo mama alipoingia na sare yake ya kazini, ametoka kuhudumia wazee.

"Zima huo moto," alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mum, it's empty. It's really old," nilimwambia kwa Kiingereza, kwamba ni tupu na la zamani sana.

"Kwani nyoka mzee hana sumu?" Akanivutia nyuma yake. "Baba Neema, hili mmelitia kijiti?"

Mama alizaliwa Tabora, kwa wawindaji. Kwao mgeni akija na gobore, haliingii ndani mpaka litiwe kijiti. Baba alicheka kidogo. Mama akaenda bustanini, akang'oa mwanzi mwembamba ulioshikilia nyanya zake, akauzamisha mtutuni hadi ukagota. Akaubana kwa kucha pale ulipoishia, akauchomoa, akaulaza juu ya mtutu. Ncha haikufika kwenye kitundu. Ilipungua kiganja kizima.

"Limeshindiliwa," alisema. "Baruti ikipata moto haiulizi umri."

Baba alizima gesi, akakaa sakafuni. Sikumsikia tena akipiga mluzi gerejini.

Walilitapisha taratibu kwa maji. Yalitoka maji meusi, kisha tambara, kisha risasi ya mviringo, ndogo kama zabibu.

Mwishowe lilijaribiwa kwenye shamba la mtu mwenye kibali, ng'ambo ya St Marys, limefungwa kwenye matairi na kifyatulio kuvutwa kwa kamba ndefu. Lilinguruma, baba yake Harjit akalia kwa furaha, watu wakapiga makofi. Baba hakupiga. Aliniinamia akanifuta midomo kwa kidole gumba, akafuta tena na tena. Nilidhani nina makombo ya sambusa, nikaona haya.

Tabia hiyo haikumtoka. Siku ya harusi yangu alinifuta midomo mbele ya wageni wote, rangi ikamganda kidoleni. Dada wa saluni alinuna. Mimi nilikishika kidole kile nikakibusu, maana wakati huo nilikuwa nimeshajua anafuta nini.