Gundi ya Wigi na Maski ya Pua

Nitawaambia, lakini mcheke nikishamaliza, kwa sababu aibu niliyoipata siku ya kwenda kujitambulisha kwa wakwe wa mwanangu kule Karen bado haijaniisha, na mbaya zaidi kuna picha.

Kwanza mjue kwamba mimi nina ule ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, unakoroma weee, halafu kimya, pumzi imesimama, halafu unashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Hospitali walinipa kamashine ka kuweka kando ya kitanda, kanapuliza hewa kwa paipu mpaka kwa maski inayofunika pua, na hiyo maski inashikwa na mikanda inayozunguka kichwa. Nikilala nayo, naamka mtu. Nisipolala nayo, kesho yake nasinzia popote, na nikisinzia nakoroma (kuna siku nilikoroma kanisani wakati wa maombi ya kimya, mpaka pasta akafungua macho).

Sasa mwanangu Wekesa akapata msichana, Njeri, mtoto wa heshima kabisa, na tukaitwa kwao Jumamosi tujuane na wazazi wake. Ijumaa nikaenda kusukwa. Nikasukwa rasta ndefu, laini, za kuteleza, nikapendeza mpaka mume wangu, ambaye haoni hata nikibadilisha mapazia, akauliza, "Kwani ni wewe unaolewa?"

Shida ikaja wakati wa kulala. Mikanda ikakataa kabisa kukaa juu ya zile rasta. Nikikaza inateleza, nikilegeza inateleza, hewa inatoka kando ya pua fssss inanipiga machoni, na Baba Wekesa anageuka upande wa pili akilalamika ni kama amelala na tairi yenye pancha. Nikaona nikilala bila maski, kesho nitakoroma mbele ya wakwe, na si utani, watu wanakataliwa kwa mambo madogo kuliko hayo. Basi kwa hiyo hofu macho yangu yakaangukia gundi ya kubandikia wigi, ya binti yangu, pale juu ya meza. Nikapaka kidogo tu (na kidogo cha mtu mwenye wasiwasi si kidogo) kuzunguka ukingo wa maski, ambao kwa bahati mbaya ni wa sponji, nikabandika. Jamani, nililala usingizi wa kifalme.

Asubuhi nikavuta maski. Pua ikaja nayo.

"Baba Wekesa, amka! Imeshika!"

"Nini imeshika?"

"Maski!"

"Si uitoe."

"Ningeweza kuitoa ningekuamsha?"

Akavuta, nikapiga nduru. Akaleta kitambaa na maji moto, sponji ikanywa maji ikavimba, gundi haikushtuka. Mikanda na paipu tulitoa, lakini maski yenyewe ilibaki katikati ya uso kama pua ya pili, na nikiongea sauti inatoka kama niko ndani ya debe. Nikasema mimi siendi. Wekesa akaja mlangoni na suti yake mpya, akaniangalia, na hakucheka, hapo ndipo nikajua mambo ni mabaya.

"Mama, wataniuliza mamako yuko wapi. Nitasema nini?"

Hilo neno lilinimaliza. Nikajifunika leso kutoka chini ya macho hadi kifuani kama nikabu, tukatoka kwetu Mountain View tukiwa na mpango wa kupitia kwa msusi wangu Dagoretti Corner anibandue. Kufika, saluni imefungwa, jirani anasema ameenda kupamba bibi harusi. Nikiwa nimesimama pale, mama mmoja wa buibui akaniona na ile leso, akanisalimia vizuri kabisa, "Asalaam aleikum, dada," nami nikaitikia kupitia maski, maskini akashtuka, akaniombea afya njema akaenda zake.

Karen sasa. Lango limefungwa, wanawake wa kina Njeri wako ndani wanaimba, wanasema, kama desturi yao, hawafungui mpaka mama wa kijana aimbe mwenyewe aseme amekuja kutafuta nini. Mimi! Nikaangalia Wekesa, nikaimba. Nikasikia mtu huko ndani akiuliza, "Huyo ni mtu ama ni spika imeharibika?" Lango likafunguliwa kidogo watu wachungulie, na upepo ukachukua leso yangu.

Nyimbo zikakatika. Mama Njeri akaja mbele, mwanamke mrefu, miwani, uso hauna mchezo, akaniangalia pua. Nikajua nimemharibia mwanangu. Nikaeleza yote pale pale langoni, mikanda, rasta, gundi, kila kitu. Akanishika mkono, akanipitisha katikati ya wageni hadi jikoni, akafunga mlango, akaanza kunipaka mafuta ya nazi kwa kidole, pole pole, kama anaosha mtoto.

"Usivute, wacha yaingie. Umesema gundi ya nini?"

"Ya wigi."

Mabega yake yakaanza kutetemeka. Nikadhani analia, kumbe ni kicheko, na mimi nikashindwa kujizuia, tukacheka mpaka tukashika sinki. Maski ikatoka na kangozi kadogo. Nikavuta hewa kwa pua yangu mwenyewe, jamani, hewa ni tamu.

Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Hiyo mashine, inasaidia kweli? Kwa sababu Baba Njeri anakoroma halafu ananyamaza. Mimi nakaa macho nikingoja avute pumzi. Hospitali hataki kusikia."

Nikamwambia inasaidia. Na wakati wa chakula, mbele ya koo mbili, nikasimama na pua nyekundu kama nyanya nikasimulia mkasa wote. Baba Njeri alicheka mpaka akatoa kitambaa. Wengine walipogeukia chapati, akainama upande wangu.

"Lakini ukiivaa, unalala?"

"Baba, nalala mpaka najisahau."

Alienda kupimwa, sasa ana yake. Mimi nesi wa kliniki alinigombeza vilivyo ("Na stima ingepotea umejibandika hivyo, ungevuta hewa gani?"), akanionyesha kufunga rasta chini shingoni na kuvaa kilemba cha pamba ndipo mikanda ikae juu yake, na inakaa. Kitu rahisi hivyo! Wekesa na Njeri wanapanga harusi, na katika zile picha za Karen mimi ndiye yule wa pua inayong'aa. Juzi Mama Njeri amenitumia ujumbe asubuhi: "Amelala vizuri. Na mimi pia nimelala." Basi aibu nitaibeba tu. Lakini gundi, hapana, siku hizi hata bahasha naomba mtu anifungie.