Muuaji wa mkono wa kushoto

Jamani, leo nimeiona tena ile filamu ya mauaji kwenye tivii.

Enzi za Ujamaa gari la sinema lilikuja Temeke. Mbele palijaa, mie nikaangalia nikiwa nyuma ya shuka lililotundikwa kuonyeshea picha. Muuaji alishika kisu kwa mkono wa kushoto.

Filamu ya mauaji ikikolea, unatoka na muuaji kichwani. Mie nilitoka naye mpaka mtaani. Rafiki yangu Hamisi anatumia mkono wa kushoto, nikamwita Muuaji. Hadi leo watoto wanamkimbia.

Leo kwenye tivii kisu kipo mkono wa kulia.

Nyuma ya shuka picha hugeuka!

Nimekwenda kwa Hamisi kutubu.

"Mie nilikaa mbele," kasema. "Nilijua siku ile ile kuwa ni mkono wa kulia."

"Mbona hukusema, kaka?"

"Nani angemwamini Muuaji?"

Nyie mngemjibu nini?