Moyo wa Baba Elida Uliokwenda Kagunga

Kitendawili.

Najua mmeitika tega. Haya, tegueni: mume wangu kaniaga anakwenda msikitini, moyo wake nikaukuta ziwani.

Mkishindwa msinipe mji. Siku ile hata mimi nilishindwa.

Mimi ni bibi wa Buzebazeba, hapa Ujiji. Shule yangu ya msingi tu, lakini kwa vifaa vya kampuni ya Lumeka usinichezee.

Binti yangu Elida alianza kuniletea taa moja, unaiamuru kwa simu inawaka. Nikanogewa. Ikaja kamera ya banda la kuku, ikaja spika inayosema, zikaja saa za mkononi. Vyote vya kampuni hiyohiyo, maana ni watoto wa tumbo moja: kimoja kikiona jambo, kinawaambia wenzake.

Wajukuu wakaniita Bibi Lumeka. Sikukasirika hata.

Nikaipigia debe mtaani mpaka wakasalimu amri. Wazee wa msikitini karibu wote wakavaa saa ile, nyeusi, mkanda mweusi. Hata Mzee Amuri, mgane anayepeleka vitenge Kagunga kwa boti, nilimkokota mwenyewe mpaka dukani.

Saa ya mume wangu, Mzee Nasri, ina laini yake humohumo ndani. Ana presha, kwa hiyo habari za moyo wake zinaingia kwenye simu yangu na kwenye spika. Ndivyo nilivyokuwa napata usingizi.

Siku hiyo akaenda kuswali adhuhuri. Simu kaiacha kwenye chaji, kawaida yake.

Nimekaa nachambua dagaa, spika ikasema kwa ile sauti yake isiyo na haraka: "Mapigo ya moyo ya Baba Elida hayaendi sawa."

Dagaa wakanimwagika.

Nikafungua ramani. Kile kidoti chake hakipo msikitini. Kiko juu ya maji, kimeshaiacha bandari ya Kibirizi, kinaelekea kaskazini.

Mume wangu hajui kuogelea. Boti haipendi hata kuitazama. Nani kampakia?

Nikasimamisha bajaji ya Nehemia, kijana wa jirani. Akaniuliza tunaenda wapi. Nikamwambia Kibirizi, na barabara isipotosha pita hewani.

Kufika, wapakiaji wakasema boti ya Kagunga imeondoka, ya nahodha Eliakimu. Wazee walikuwemo, ndiyo. Majina hawakuyajua.

Simu ikatetemeka tena. Moyo unaruka, unatulia, unaruka.

Nikakaa kwenye mchanga, nikalia kama nimeshafiwa.

"Mama Elida, unamlilia nani?"

Nikageuka. Mume wangu huyo, mzima, anashuka kwenye bodaboda. Alirudi nyumbani, majirani wakamwambia nimekimbilia Kibirizi huku nalia, akanifuata.

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nehemia akasema, "Bibi, hiyo saa inakuzingua."

Mzee akaninyooshea mkono. "Saa yako hii hapa, na mimi niko hapa. Twende nyumbani, aibu uliyonitia inatosha."

Nikaitazama saa mkononi mwake. Nikaitazama simu. Kule majini moyo bado unaruka.

"Baba Elida, moyo wako uko hapa. Huu ni wa nani?"

Kicheko kikakatika.

Nikamuuliza saa aliiweka wapi alipokuwa anatawadha. Akasema pale juu ya ukuta wa bomba, wanapoweka wazee wote. Na pembeni yake alikuwepo nani?

Akaivua ile saa, akaigeuzageuza: si yake. "Amuri. Alikuwa na haraka ya boti."

Nikampigia Amuri. Inaita, haipokelewi. Wapakiaji wakanipa namba ya nahodha. Eliakimu akasema Mzee Amuri yupo, kajilaza juu ya mizigo, jua limemchosha, kaomba asisumbuliwe.

"Mwanangu, geuza boti."

"Mama, nina abiria hapa. Mzee amelala tu."

"Mguse uso. Ukiwa mkavu, nenda zako, nitakuja kukuomba radhi mbele ya abiria wako wote."

Nikasikia injini. Nikasikia maji. Halafu sauti yake ikashuka.

"Mama... amelowa jasho chapachapa. Namwita, haitiki."

"Geuza."

Akageuza. Tukampokea majini, mume wangu na kanzu yake mpaka kiunoni, yeye asiyependa maji. Nehemia akamkimbiza hospitali. Daktari akatuambia kwamba Kagunga asingefika akiwa hai.

Amuri alipopata nguvu ya kusema, nikaanza kumgombeza. Na saa yake mwenyewe, siku zote hizo haikumwonya?

Akasema ilikuwa inatetemeka tangu juma lililopita. Kila ikitetemeka inatuma ujumbe.

"Inamtumia nani?"

Akageukia ukutani. "Iliniuliza mtu wangu wa karibu ni nani. Nikamwandika Mwanvua."

Mwanvua ni mkewe. Tulimzika mwaka juzi. Simu yake iko sandukuni kwa Amuri, imezimwa, imefungwa kwenye kanga yake.

"Shemeji, ningemwandika nani mwingine?"

Nikachukua simu ya Amuri niingize namba yangu. Akanishika mkono, akaniomba ya Mwanvua nisiifute. Sikuifuta. Yangu nikaiweka chini yake.

Wanangu mnaowatumia wazee wenu saa na kamera, mnafanya jema, na mimi Lumeka sijaihama, msije mkanisingizia. Ila kabla hujamfunga mzee kitu mkononi, kaa naye chini umuulize: kikilia, nani atasikia?