Alasiri Niliyomwacha Nakunda Jukwaani

Juzi, hotelini pale stendi ya Same, nilimwona Nakunda kwenye televisheni akirapu mbele ya umati. Nilitaka kumwambia jirani yangu mezani kwamba tulikua pamoja, lakini nikainamia chai yangu.

Utotoni yeye alitunga mistari, nami nilimtolea mdundo kwenye debe tupu la mafuta ya taa. Mafuta yenyewe yalikuwa yameadimika, ila debe halikuacha kunuka. Kisha wakaja watu wa muziki kutoka Dar, wakafunga jukwaa kando ya soko, wakitafuta mtoto wa kwenda naye. Niliamini Nakunda hawezi kurapu bila mdundo wangu, kwa hiyo nisipofika atabaki nasi. Leo nauita ubinafsi; siku ile niliuona ni upendo.

Nikajificha sokoni, nyuma ya marobota ya mitumba yaliyonuka dawa. Nilisikia jina langu likiitwa kwenye kipaza sauti mara tatu, na watu wakicheka. Halafu yakaja makofi ya mtu mmoja, taratibu, na sauti ya Nakunda ikapanda juu ya makofi hayo. Vicheko vikakoma.

Aliponikuta, alikuwa ameshachaguliwa.

"We Elia, ulikuwa wapi? Wamenicheka mpaka basi!"

"Naumwa," nikasema. Uongo huo sijaukanusha hadi leo.

Hasira ikamwisha. Akaniwekea shingoni kiganja kilichokuwa bado cha moto kwa makofi.

"Pole jamani. Ningejua, nisingekuita."

Kesho yake alipanda basi, akinisihi dirishani nisiache kumeza dawa.