Kesi Si Yako Tena, Mama

Juzi nilikuwa kituo cha polisi Kawangware kuripoti kitambulisho kilichopotea. Mbele yangu alisimama mwanamke aliyefungwa plasta mkono mmoja. Mama mkwe wake alimshika ule mwingine.

"Sema umemsamehe bwanako, hii kesi iishe," mama mkwe alimhimiza.

Afisa, mwanamke pia, alitikisa kichwa. "Kesi sasa ni ya Jamhuri. Huyu ni shahidi. Kuiondoa ni mpaka korti ikubali."

"Kwani Jamhuri ndiyo ilivunjwa mkono?" mama mkwe akadakia.

Mwanamke mwenye plasta akauliza polepole, "Kwa hivyo si mimi namfunga?"

"Si wewe. Na kumtisha shahidi pia ni kosa."

Mama mkwe akamwachilia.

Tumezoea kusema mambo ya nyumba yaishie nyumbani. Mara nyingi anayeishia humo ni mke.