Baiskeli ya Kuegemea Niliyoinunua Maswa

Enzi zetu pale Ngulyati mtu hakufundishwa baiskeli. Alianguka nayo mpaka siku moja asianguke, na hiyo ndiyo ilikuwa shahada yake. Kama wewe ni wa rika langu na umekulia upande huu wa Simiyu, vuta gauni au suruali uangalie goti lako. Kovu lipo, na jiwe lililokuachia kovu hilo unalikumbuka mpaka leo. Wajukuu zangu wanajifunza baiskeli ndani ya ukuta, wamevaa kofia ngumu, mama yao anakimbia pembeni na simu mkononi. Mmoja wao alijifunza kwa video. Alijilaza kwenye kochi akamwangalia mtu wa nchi nyingine akiendesha, kisha akatutangazia kwamba ameshajua. Tulipompa baiskeli alikwenda moja kwa moja kwenye banda la kuku.

Baiskeli ya nyumbani kwetu ilikuwa moja, nyeusi, nzito, yenye chuma cha juu kutoka kwenye kiti mpaka kwenye usukani. Ilikuwa ya baba. Msimu wa pamba aliifunga magunia mpaka yeye mwenyewe haonekani, ukadhani gunia limeota miguu linatembea. Jumapili ilimbeba mayu kwenda kanisani; mayu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma. Alikaa nyuma kwenye keria, upande upande, kitenge kimebanwa vizuri na miguu imepangwa pamoja, na hakuwahi kuchafuka hata kipindi cha masika. Sisi watoto tulifuata kwa miguu na michembe mfukoni, tukitafuna viazi vile vikavu kidogo kidogo ili vifike mpaka mwisho wa mahubiri.

Baba akilala baada ya chakula cha mchana, kaka yangu Masanja aliiba baiskeli nami nikamfuata. Tuliikokota kimyakimya, kengele tumeifunga kwa kitambaa, mpaka kwenye mteremko ulioanzia josho la ng'ombe na kuishia kwenye mchanga wa mto uliokauka. Kwa kuwa miguu yetu haikufika juu, tulipitisha mguu mmoja chini ya kile chuma, tukakanyaga pedali tukiwa tumejikunja pembeni kama kaa. Masanja alinisukuma akikimbia nyuma, akaniambia ananishika, na kumbe ameniachia zamani. Nilianguka kwenye mchanga, kwenye miiba, na mara moja katikati ya ng'ombe waliokuwa wakitoka josho wakinuka dawa. Nilijifunza hivyo, na nilijifunza vizuri kuliko yeye. Yeye mwenyewe hulikubali hilo akiwa ameshiba.

Ila baba hakutaka nipande. Hakuwa mkali; alisema tu kwamba mtoto wa kike akizoea baiskeli atakuwa mtembezi, na akisema jambo hakulirudia. Mayu alinyamaza. Mpaka ilipofika siku ambayo baba alikwenda Maswa kushughulikia malipo ya pamba, Masanja akalala na malaria, na asubuhi hiyo hiyo ikaja habari kwamba wakwe wa dada yetu mkubwa wako njiani. Unga ulikuwa umeisha. Mashine ya kusaga ilikuwa mbali, na kwa miguu ningerudi wageni wameshakaa na njaa yao. Mayu alitoa baiskeli nje mwenyewe, akafunga debe la mahindi kwenye keria kwa mipira ya tairi, akavuta fundo mara ya mwisho na kuniambia, "Nenda. Watakaokucheka njiani hawatakuja kunipikia ugali."

Walinicheka kweli. Wavulana waliokuwa kisimani walipiga miluzi mpaka nikapotelea kwenye mashamba. Niliogopa kuanguka kuliko nilivyoogopa miluzi, kwa sababu mahindi yale yakimwagika hapakuwa na mengine ya kusaga siku hiyo. Sikuanguka. Nilirudi na unga ukiwa bado wa moto nyuma yangu, mayu akaweka sufuria jikoni, na wakwe walikula ugali na nsansa, yale majani makavu ya kunde, zilizoungwa karanga, bila kujua lolote.

Baba alirudi jioni, siku ile ile, tukakaa kula. Akauliza unga umetoka wapi maana aliondoka akiacha kibuyu kitupu. Mayu akamjibu kwamba Nkwimba, yaani mimi, ameuleta. Baba akauliza kama nilikwenda kwa miguu, na mayu akasema, kwa sauti ile ile ya kuombea chumvi, kwamba nilikwenda kwa baiskeli yake. Baba alimega tonge, akatowelea, akala. Usiku ule sikupata usingizi mzuri. Asubuhi nilipotoka kufagia nilikuta kiti cha baiskeli kimeshushwa mpaka chini kabisa, kimekazwa barabara. Ndivyo wazazi wetu walivyoomba radhi na kutoa ruhusa, yote kwa spana moja.

Tangu hapo sikushuka. Niliolewa nikiendesha, nikahamia Bariadi nikiendesha, na nilipokuwa fundi cherehani nilizungusha nguo za wateja mji mzima kwa baiskeli. Nilimzaa Kabula, binti yangu, na siku za kliniki nilimfunga mgongoni tukaenda. Kila Jumamosi nilikwenda Ngulyati kumwona mayu, na baada ya baba kufariki sikukosa hata wiki ya mafuriko. Kisha mgongo ukanikataa. Miaka ya kuinamia cherehani ilikuwa imeweka deni lake, na mtaalamu wa viungo pale hospitali aliniambia nisiinamie tena usukani wala nisikalie kile kiti chembamba. Miguu yako ni mizima, mama, alisema, shida ni mgongo. Nikatoka pale nikiwa na miguu mizima isiyo na pa kwenda.

Kabula alinilipia bodaboda. Ni mtoto mwema, anafanya kazi ofisini, na hakuna siku nauli ilichelewa. Lakini bodaboda inakwenda inapotaka yenyewe. Nikitaka kusimama kumsalimia mtu shambani, kijana anatazama saa. Nikisema twende polepole nione mtama umefikia wapi, ananiambia, mama, nina abiria mwingine. Nilianza kukosa Jumamosi moja, kisha mbili, na mayu hakulalamika, jambo ambalo liliniuma zaidi.

Masanja ndiye aliyenipigia simu. Anaishi Maswa, amestaafu, na mchana huzunguka mjini akikagua vitu asivyonunua. Akaniambia ameona kwa muuza baiskeli za mtumba kitu cha ajabu, baiskeli yenye kiti kama cha mgonjwa, mtu anaegemea nyuma na pedali ziko mbele. Akasema muuzaji mwenyewe anaicheka, ilikuja kwenye kontena na hakuna anayeitaka. Kesho yake nilikuwa Maswa kabla muuzaji hajamaliza kupanga biashara yake.

Nilikuwa nimeendesha baiskeli maisha yangu yote, lakini mbele ya ile nilikuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza. Magurudumu mawili, la mbele dogo na la nyuma kubwa. Kiti cha wavu kilicholala nyuma. Mnyororo mrefu kama wa baiskeli mbili zilizoungwa. Muuzaji alinieleza kwa heshima, "Mama, hii ni ya wagonjwa."

Nikamwambia basi amepata mteja.

Nilichojua nilikitumia. Niliinua gurudumu moja moja nikalizungusha kuona kama limepinda. Nilipitisha kidole kila penye kiungo cha fremu nikitafuta ufa, hasa pale bomba la pedali linapoingia mbele, kwa sababu nguvu zote za mguu zinaishia pale. Bomba hilo huvutwa na kurudishwa kulingana na urefu wa mguu, na boliti zake zilikuwa na kutu ya juu tu. Tairi dogo la mbele lilikuwa limekwisha, lakini Masanja aliomba baiskeli ya mtoto pale dukani akayapima ubavu kwa ubavu: saizi moja. Hapo nikajua sitahangaika vipuri. Breki ya nyuma ilikuwa hoi, gia mbili zilikwama. Kisha nikakaa. Nyie, niliegemea, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali mgongo wangu ulinyamaza. Sikumwonyesha muuzaji uso wangu mpaka tulipopatana, na alinipa kwa bei ya baiskeli ya kawaida iliyochoka, akashukuru kupata nafasi.

Ilikuja Bariadi juu ya lori lililofuata pamba. Mtaa ukaibatiza siku hiyo hiyo: kitanda. Mjukuu wangu aliuliza inachajiwa wapi. Kabula hakucheka. Alisimama mlangoni akiwa na mkoba wa ofisini, akaizunguka, akasema, "Mama, nitakulipia bodaboda kila siku, hata mara mbili. Ila hiyo usiipande mjini. Watu wananijua."

"Sikutaka kupelekwa, mwanangu," nikamwambia. "Nilitaka kwenda."

Kwa siku kadhaa tulisalimiana kama wageni. Iliniumiza. Lakini niliwahi kupigiwa miluzi nikiwa na debe la mahindi nyuma yangu, na sikuwa na mpango wa kushindwa na aibu ya mtu mwingine.

Masanja alikuja akakaa kwangu wiki nzima. Asubuhi tulikwenda kwenye uwanja wa mpira, wazee wawili na kitanda chao. Nilianguka. Mikono yangu ilitaka kuuvuta usukani kama zamani, na ile baiskeli haitaki kuvutwa. Inataka uegemee, uilegeze mikono, usukume pedali ya kwanza kwa nguvu bila kusitasita. Ukiogopa ukaenda polepole, inayumba. Ukiiamini, inanyooka. Mlimani huwezi kusimama juu ya pedali, unashusha gia unavumilia. Masanja alikimbia nyuma akihema, mvi zake kichwani, na siku iliponyooka kweli nilisikia sauti yake ikibaki mbali ikipungua. Safari hii hakudanganya kwamba ananishika. Hakuwa na pumzi ya kudanganya.

Kwa kuwa mtu akiegemea hukaa chini na madereva wa malori huangalia juu, nilishona bendera ya kitambaa chekundu nikaifunga kwenye fimbo ndefu nyuma ya kiti. Fundi alibadilisha breki na tairi la mbele, akazikwamua zile gia mbili. Jumamosi iliyofuata, baada ya chai, nilitoka kwenda Ngulyati.

Mjini walicheka, nikawapungia. Nilipoupita mji nikasikia bodaboda nyuma yangu isiyotaka kunipita. Nikadhani ni mwizi. Kwenye kioo kidogo cha usukani nikamwona Kabula amekaa nyuma ya dereva, miwani machoni, akijifanya anaangalia mashamba. Lori likaja kwa kasi, akalinyooshea mkono lipunguze, akamfokea dereva wake asogee nyuma yangu zaidi ili waonekane. Tulikwenda hivyo njia nzima. Nilisimama nilipotaka. Niliwasalimia watu waliokuwa wakipalilia, nikaona mtama umefikia wapi, na yule kijana wa bodaboda alitazama saa yake mpaka akachoka. Tulipofika Kabula alisema alikuwa anakuja tu kumsalimia bibi yake. Nikamwambia amefanya vizuri.

Mayu alikuwa amekaa kwenye kigoda nje. Miguu yake imechoka siku hizi ila macho ni yale yale. Nikapiga goti nikamsalimia, "Mwangaluka, mayu," akaitikia, lakini alikuwa akitazama nyuma yangu. Akauliza kama ile inakaliwa tu, bila kuruka chuma. Nikamwambia inakaliwa tu. Akanyoosha mkono kwa Kabula ili ainuliwe.

Tulimkalisha. Tulimfunga kitenge vizuri, tukaiweka miguu yake mahali salama, mimi upande huu na Kabula upande ule, tukaisukuma polepole kutoka kwenye zizi la ng'ombe mpaka kwenye barabara. Aliegemea kama mtu aliyezaliwa humo. Mikono yake ilishika usukani, akatazama mbele, akasema, "Kumbe njia inaonekana hivi. Miaka yote nilikuwa naona mgongo wa baba yenu."

Akatuamuru tugeuze turudi tena. Kabula alikuwa akicheka huku machozi yakimtoka, mkono mmoja kwenye kiti na mwingine umeshika simu. Kufika jioni ile picha ya video ilikuwa imeshaonekana Mwanza na Dar es Salaam, ndugu wanapiga simu, watoto ambao hawajawahi kufika Ngulyati wanamwita bibi yao dereva.

Nawatania sana vijana wa leo na simu zao, na nitaendelea kuwatania. Wanaijua baiskeli kwa kuiangalia, wanalijua tope kwa picha, na goti lao halina hadithi. Lakini mayu yumo kwenye simu zao, anaendesha, na atakuwemo hata sisi tusipokuwepo. Enzi zetu tulikuwa na barabara, mchanga, michembe na miguu yenye nguvu, ila hakuna aliyetupiga picha. Baba alipanda ile baiskeli yake nyeusi msimu baada ya msimu, na hatuna picha yake hata moja akiwa juu yake. Ukitaka kumwona inabidi umuulize Masanja, au uniulize mimi, na usichelewe.