Amen ya Maman Lucienne

Bantu ya Lubumbashi banapenda kuwa ba kwanza, ile siye ba Bukavu tunajua tangu zamani. Kama ni kuvaa, bamekwisha kuvaa. Kama ni kucheka, banacheka mbele muntu amalize kusimulia. Maman Lucienne, yeye, alikuwaka wa kwanza mu Amen.

Tangu mutoto mudogo kule Katuba, Lubumbashi, mu chorale ya kanisa, bamemupiga juu ya ile. Padri hajamaliza kusema "milele na milele", sauti ya Lucienne imeshapita: Amen, nyembamba kama sindano. Maître wa chorale alimutosha, akamurudisha, akamutosha tena, bure. Akaolewa na papa Florent, bakashuka Bruxelles, pa Gare du Midi, na valise mbili na mutoto mu mugongo. Florent akapata kazi mu usine, kiwanda ya motokari kule Forest. Lucienne akaanza kuosha bazee mu maison de repos, ile nyumba ya kutunza bazee, miaka na miaka, mpaka mikono yake ikanuka savon hata dimanche, siku ya misa. Usine ikafunga, Florent akaanza kukaa ku dirisha kuhesabu mvua. Amen ya bibi yake, yenyewe haikubadilika. Hata ku mazishi alikuwa anamaliza mbele ya padri. Tulikuwa tunamucheka: "Maman, maiti hajalala bado, weye umeshamufungia mulango!"

Bon. Siye tulikuwa na likelemba yetu, kama bantu bote: kila mwezi tunachanga, mumoja anakula. Tulikuwa tunakutana dimanche kwa maman Rolande, présidente wetu, Saint-Gilles, ku étage ya tatu ya moja ya zile nyumba za zamani zenye bamekata-kata kama keki. Lucienne alikuwa analeta vitumbua mu sufuria yake ya kijani. Na ile vitumbua, hata Mukongomani mwenye sukari mu damu alikuwa anasahau docteur wake.

Alafu Bienaimé akaleta mambo ya bourse, ile soko yenye banauza vipande vya makampuni. Bienaimé ni ndugu yangu ya Bukavu, muntu ya Mungu, lakini kinywa yake inatangulia kichwa. Akasema: "Muzungu analala, makuta yake ya benki inatumika. Siye tunatumika, makuta yetu inalala. Munaona haya kweli?" Tukaona haya. Tukachagua kampuni moja mudogo ya mashini ya baridi, yenye hakuna muntu alikuwa anaijua, kila mumoja akaweka application mu téléphone yake. Juu bourse haifanye kazi dimanche, tukahamisha kikao kila mercredi mchana, katikati ya juma.

Na siye ni bakristo. Kununua bila kusali, hapana. Donc tukapanga hivi: Rolande anasali, kila muntu kidole yake juu ya bouton ya kununua, na pa Amen tunafinya bote pamoja. Bienaimé alisema umoja ni nguvu. Hakuna muntu aliona mubaya.

Mercredi ya kwanza, bei ilikuwa imelala pale ku écran mchana yote, haipumue. Tukasali. Amen. Ikaruka. Kama kuku yenye umenyoshea mukono. Tukalipa juu, tukasema ni bahati mubaya.

Mercredi ingine, brouillard ilikuwa imeshika barabara, hatukuona hata nyumba ya ngambo. Bei imelala. Amen. Ikaruka.

Rolande akafupisha sala. Akasali na Lingala. Akasali mu roho, akainua tu kichwa pa Amen. Akafunga mapazia, kama vile ile kitu ilikuwa inatuchungulia pa dirisha. Ilikuwa inatungojea, nakuambia. Sala yote inatulia, inasikiliza, na pale pale vidole vinashuka, inatoka mbio mbele yetu. Bienaimé akamwangia ma-téléphone maji ya baraka. Yangu ikakufa pale pale. Ile roho mubaya, yenyewe hata haikukohoa.

Njo Rolande akaona kitu. Siye bote tulikuwa tunalipa bei ya juu, isipokuwa muntu mumoja. Kila mercredi, Lucienne alikuwa anapata bei ya zamani, ile yenye ilikuwa imelala.

Hakuna muntu alisema mulozi. Ile neno haina lazima ya kinywa. Mercredi yenye ilifuata, sufuria ya kijani ilifika, ikawekwa pa meza, na hakuna mukono ulienda. Mumoja alikuwa na tumbo, mwingine alikuwa na régime ya sukari. Mie nikasema nimeshakula, na tumbo langu likanisuta mbele ya bantu, likanguruma. Lucienne akafunika sufuria, akarudi nayo Forest vile vile, nzito.

Mercredi ya nyuma yake, Bienaimé alisimama mbele hata ya sala.

"Maman Lucienne, na heshima yote. Hii kitu inatukimbia siye bote. Weye inakuachia. Inakujua wapi?"

Lucienne akamutazama. "Bienaimé, nilioshaka mama yako kule maison de repos mpaka siku yake ya mwisho. Na hii mikono."

"Njo nasema, maman. Hii mikono."

Mungu wangu. Tulijua kitu yenye ilikuwa inakuja: likelemba ingemutosha, na chorale ingefuata, juu chorale na likelemba ni bantu bale bale. Na mu Bruxelles, muntu mwenye ba kwao banamukimbia, anabaki na nani? Florent na mvua yake.

Lucienne akaweka téléphone yake pa meza, uso juu. "Natoka. Musali bila mie. Kama ile bei inatulia, hamutaniona tena, hapa wala mu chorale. Kama inakimbia, mutanitazama mu macho, kila mumoja." Akatoka mu escalier, kule ku ngazi, akavuta mulango.

Mu zile nyumba, taa ya escalier inajizima yenyewe. Tulisikia tac. Kioo ya juu ya mulango ikawa nyeusi, na yeye nyuma yake, mu giza, bila kikohozi. Rolande akaanza kusali. Bei imelala. Vidole juu. Mie nilikuwa natazama ile téléphone ya Lucienne pa meza, nikaona kama nayo inanitazama. Rolande akafika pa "milele na mi—"

Nyuma ya mulango, mu giza: Amen. Nyembamba.

Alafu ya kwetu. Bei ikaruka.

Hakuna muntu aligusa ile téléphone ya Lucienne. Rolande akazunguka meza kutazama za wengine. Juu, juu, juu, hata yangu mupya. Pa Bienaimé akasimama. Bienaimé alikuwa na bei ya zamani. Alikuwa anatazama écran kama muntu amekuta jina yake ku kaburi.

"Hapana mie," akasema. "Nilisikia Amen yake, kidole ikaenda yenyewe. Wallahi!" Mukristo, na wallahi. Njo woga ile.

Bienaimé akapigia simu bale ba application, akaweka haut-parleur, bote tusikie. Akajibu kijana mumoja, Arnaud, Kifaransa cha upole, kama muntu wa pompes funèbres, bale ba kuzika bafu.

"Monsieur, nani ananunua mbele yetu?" Bienaimé akauliza. "Jina yake tu."

Tukasikia vidole vyake ku clavier. "Hakuna muntu, Monsieur. Ni mashini. Kampuni yenu ni mudogo, action, vile vipande vyake, haziuzwe mingi. Ordre ya kwanza ya kununua inapita na bei yake. Mashini inaiona, inajua zingine ziko njiani, inapandisha bei mbele zifike."

"Mbele zifike? Tulifinya pamoja!"

"Kwenu ni pamoja, Monsieur. Kwake, kati ya kidole yako na ya jirani, kuna mchana muzima."

Rolande akasogea. "Na sheria inaruhusu ile?"

"Ndiyo, Madame. Kama ni siye tungeshika ordre yenu, tukajinunulia kwanza, ile ni kosa, tungeona tribunal. Lakini ule mwenye anaona ku soko kitu yenye imeshapita, na anakimbia kuliko wengine, sheria inamuachia. Bengine banasema si haki. Banabishana bado."

"Donc ni bulozi yenye iko na papier ya serikali," Rolande akasema.

"Ni mbio tu, Madame."

"Na mu ile nyumba yenye mashini inakimbilia, kuko nani sasa hivi?"

Arnaud akafikiri. "Hakuna muntu. Baridi, na taa ndogo-ndogo." Alafu akatufundisha: kama hatutaki kuonekana, tuweke makuta yote mu mukono moja, ordre moja, na bei ya mwisho yenye hatupite. Akatutakia mchana muzuri, akakata.

Mukono moja. Tukatazamana. Rolande akafungua mulango, taa ya escalier ikawaka. Lucienne alikuwa amekaa pa ngazi, mikono yake pa magoti.

"Ilikimbia," Rolande akasema.

"Nilisikia."

"Hakuna mulozi, maman. Ni mashini. Ilikuwa inaona Amen yako, juu kidole yako inatangulia ya kwetu." Akamunyoshea mukono. "Banasema tuchague mukono moja wa kushika ya bote. Tunaomba wa kwako."

Lucienne akaingia. Tukamutazama mu macho, kila mumoja, kama alivyosema. Ilikawia. Alafu akatosha sufuria ya kijani mu kifuko, maana alikuwa ameileta tena, ule mama, akafunua.

"Kwanza mukule."

Bienaimé alichukua ya kwanza, kubwa, akaifikisha pa mudomo, akasimama. Siye bote tukasimama vile vile, kila muntu na kitumbua yake hewani. Chakula hatujabariki. Na hakuna mwenye alitaka kuwa wa kwanza kusema ile neno.

Lucienne akatungojea kidogo. Akafumba macho.

"Amen," akasema, bila hata sala mbele yake.

Tukakula. Zilikuwa moto bado. Na kila mumoja wetu, kinywa ikijaa, alikuwa anapima na jicho moja zile téléphone pa meza, mpaka Rolande akatosha kitambaa yake ya kichwa, akazifunika.